Sauti ya Mkanda wa Nne

Inspekta Ombretta Fantuzzi alikuwa ameiangalia filamu ile mara mbili nyumbani kwake, na mara zote mbili usingizi ulimchukua kabla haijaisha. Hakumwambia mtu. Wazee wa Bologna huizungumzia *Daraja la Goro* kwa sauti ya chini, kama watu wanaotoka kwenye misa, na haikuwa busara kwa ofisa aliyekabidhiwa faili lake kukiri kwamba wavuvi wa mikunga wa mwaka 1961 wanamlaza kama mtoto.

Jumanne asubuhi aliiangalia mara ya tatu. Safari hii aliketi wima, daftari pajani, katika chumba cha kusikilizia cha maabara iliyoikarabati filamu hiyo na kuitoa upya kwenye diski ya ubora wa juu. Kando yake alikaa fundi wa sauti, Tiziano Sarti, mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mwenye tabia ya kufumba macho kila mwenzake anapoongea. Nyuma yao alisimama fundi wa picha, Corrado Malaguti, ingawa kiti kilikuwepo.

"Mkanda wa tatu unaishia hapa," Tiziano alisema. "Sasa sikiliza."

Picha haikubadilika. Mjane wa mvuvi alikuwa anakuja juu ya daraja la mbao, na nyuzi za shali lake ungeweza kuzihesabu moja moja. Ukungu ulikuwa ukungu, si doa la kijivu. Lakini sauti ilizama ghafla, kana kwamba mtu ametundika blanketi zito mbele ya spika. Maji yaliyokuwa yanalamba nguzo za daraja yakageuka mvumo mtupu, na juu ya mvumo kukawa na mchakacho, kama mafuta yanayoruka kikaangoni.

"Dakika kumi na moja nzima," Tiziano alisema. "Mkanda wa tano ukianza, sauti inarudi safi. Diski iko madukani tangu mwezi wa tisa, na watu kuanzia Tokyo mpaka Toronto wanaulizana ni fundi gani kiziwi aliyefanya kazi hii."

"Na picha wanaisemaje?" Corrado aliuliza kutoka nyuma.

"Unajua wanavyoisema."

"Mimi najua. Nataka inspekta naye ajue."

Tiziano alifumba macho. "Wanasema haijawahi kuonekana hivi tangu siku ilipopigwa. Na jina lake limeandikwa kwenye kasha, mbele kabisa. Langu liko nyuma, chini ya mpishi wa kantini."

"Kantini yetu haina mpishi."

"Ndiyo maana nikashangaa kumkuta yuko juu yangu."

Ombretta aliomba waache kidogo, kisha akawarudisha kwenye jambo lililomleta. Filamu za zamani, alikuwa amekwisha kuelezwa, zilihifadhiwa picha mbali na sauti mbali: mikanda kumi ya picha, mikanda kumi ya sauti, kila mmoja ndani ya mkebe wake wa bati. Mwezi wa tatu, mkebe wa nne wa sauti ulipofunguliwa, ndani yake ulikutwa mkanda wa habari za mbio za baiskeli. Mkurugenzi wa maabara alidhani mikebe imechanganyika na kwamba mkanda ungejitokeza wenyewe. Haukujitokeza. Lawama za wanunuzi zilipozidi ndipo akaenda polisi.

"Nani aliyefungua mkebe?" Ombretta aliuliza.

"Mimi," Tiziano alijibu.

"Na dakika hizi kumi na moja umezitoa wapi?"

"Tuna nakala moja kuukuu iliyokuwa inazungushwa kwenye majumba ya sinema. Imechoka, lakini ina sauti. Nilichukua kilichokuwepo."

"Nani aliingia stoo ya baridi mwezi huo?"

Tiziano alinyoosha mkono, akachukua daftari la funguo mezani, akalifungua ukurasa aliokuwa amekwisha kuutia alama, akampa. Juma la pili la Machi, jina la Malaguti lilikuwepo mara nne. Jina la Sarti lilikuwepo mara moja, siku alipofungua mkebe.

"Nilikuwa natoa mikanda ya picha," Corrado alisema. "Ndiyo kazi yangu. Ulitaka niitoe kupitia dirishani?"

"Sijasema kitu," Tiziano alisema.

"Hujasema. Umeweka alama tu."

Ombretta aliomba dakika zile zichezwe tena. Hakutazama skrini, alitazama saa yake ya mkononi. Mchakacho mfupi mara tatu, kimya, mchakacho mrefu. Sekunde tisa. Mfupi mara tatu, kimya, mrefu. Sekunde tisa tena. Aliendelea hivyo mpaka mkanda ulipokwisha, akaandika tarakimu moja kwenye daftari, akaizungushia duara.

Corrado alimfuata mpaka kwenye mashine ya kahawa, akamtilia kikombe bila kuulizwa kama anataka.

"Unadhani ni mimi," alisema.

"Unamwonea wivu Sarti?"

"Tangu siku alipoajiriwa. Mwaka juzi tulikwenda wote kupokea tuzo. Yake, si yangu. Nilisimama pembeni nimemshikia koti. Koti lenyewe lilikuwa zuri kuliko langu." Alikunywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja. "Lakini nikuulize wewe. Mkanda wa nne nimeufanyia kazi miezi mitano peke yake. Ulikuwa umeliwa na ukungu, una mikwaruzo kama umeburutwa kwenye kokoto, nikausafisha picha moja baada ya nyingine. Ndio bora kuliko yote niliyowahi kufanya. Nani anauangalia sasa? Watu wakifika pale wanapunguza sauti, wanakwenda jikoni. Kama ningetaka kumharibia Tiziano, ningeiba sauti ya mkanda wa pili. Ule hauna lolote. Wanakula tu."

Ombretta aliona kwamba hoja hiyo ina mashiko. "Nani mwingine aliyeumia kwa kupotea mkanda?"

Corrado alifikiri, kisha akaingia ofisini na kutoka na bahasha. "Kuna ajuza mmoja ametuandikia mara mbili. Nives Bertuzzi. Huyu ndiye aliyeweka sauti ya mjane. Zamani waigizaji walipigwa picha tu. Sauti iliwekwa baadaye studio, mara nyingi na mtu mwingine. Uso ni wa Fiorenza Dall'Aglio, sauti ni ya huyu bibi. Tuliisoma barua tukacheka kidogo, Mungu atusamehe."

Barua ilikuwa na mstari mmoja: *Katika mkanda wa nne, mimi simo.*

Nives Bertuzzi aliishi nyuma ya stesheni, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Alikuwa na miaka themanini na minane, na mgongo uliojikunja. Lakini alipouliza "Nani?" nyuma ya mlango, Ombretta alisikia sauti ya mwanamke wa miaka thelathini anayengojwa na wanaume wawili.

"Polisi, bibi. Nimekuja kwa habari ya barua yako."

"Ya kwanza au ya pili? Maana ya kwanza ilikuwa ya adabu."

Alimkalisha mbele ya televisheni, akamkatia kipande kinene cha keki ya mchele bila kusikiliza alipokataa, kisha akaiweka diski mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimepinda, lakini alijua pa kubonyeza. Walisikiliza mwisho wa mkanda wa tatu.

"Huyo ni mimi," Nives alisema. "Huyo anayeuliza mashua imerudi saa ngapi. Mimi. Huyo anayenyamaza, hata huyo ni mimi, nilikuwa nanyamaza vizuri sana." Mvumo ukaingia. Mjane akaanza kutembea darajani. Akafika katikati, akainama juu ya maji yaliyommeza mumewe, akaita, "Alvise." Akaita tena. Mara ya tatu jina lilikatika katikati, nusu yake ikatoka na nusu yake ikabaki kifuani.

Nives alisimamisha diski. "Huyo si mimi."

"Sauti hii ni mbovu sana, bibi. Una hakika gani?"

"Mwanangu, nilikuwa na sauti hiyo masikioni siku nne. Walikuwa wanairekodi hata kule darajani, pamoja na kelele za injini na watu wanaokohoa, ili sisi wa studio tujue mwigizaji alisema nini na kwa mwendo gani. Utepe huo tuliuita mwongozo, na ukishamaliza kazi unatupwa. Huo ni mwongozo. Huyo ni Fiorenza mwenyewe."

Ombretta aliacha kutafuna. "Kwa nini hawakuiacha sauti yake tangu mwanzo?"

"Mwongozaji alisema ana uso wa malkia na koo la muuza samaki. Alisema mbele ya watu wote, naye Fiorenza amesimama pale. Na kweli baba yake aliuza samaki, kule Porto Garibaldi. Kwa hiyo wakaniita mimi." Aliyasema haya bila haraka. Kisha akaonyesha daftari. "Umeandika kwamba si sauti yangu?"

"Nimeandika."

"Basi lifunge."

Ombretta alilifunga.

"Yake ilikuwa bora," Nives alisema. "Pale jina linapokatika, hakuna shule inayofundisha vile. Niliisikia kwenye vipokea sauti nikajua sitaweza, nikaiiga. Pumzi kwa pumzi. Nimepigiwa makofi kwa mkato ule miaka sitini. Mpaka leo nikienda kwenye tamasha wananiomba: Bibi, tuitie Alvise. Nami nawaitia." Aliyakusanya makombo ya keki kwa kiganja. "Uso wake niliuonea wivu kama kila mwanamke wa Italia alivyouonea. Uso ni bahati, mtu unaweza kujifariji. Lakini msichana aliyekuwa hajui hata kusimama jukwaani afungue mdomo mara moja tu darajani, kwenye baridi, na kitoke kitu kile. Hilo sikuweza kulimeza, na bado sijalimeza."

"Nitalazimika kuzungumza naye."

"Zungumza naye. Lakini hilo usimwambie. Amepata kila kitu huyo: majumba, waume watatu, sanamu ya shaba kule Goro. Hiki hapana, hiki ni changu."

Saa tisa alasiri Ombretta alirudi maabara, akawaita mafundi wote wawili, akaomba ile nakala kuukuu ya sinema ifungwe kwenye meza ya kukagulia.

"Haina haja," Tiziano alisema. "Nimeshakwambia, sauti ndiyo hiyohiyo."

"Basi haitachukua muda."

Corrado aliufunga mkanda kwenye magurudumu ya meza kwa mikono ya mtu anayelaza mtoto mchanga. Mwanzo wa mkanda ulichakacha vibaya. Dakika moja baadaye mchakacho ulipungua, halafu ukaisha kabisa.

"Kwa nini mchakacho umeisha?" Ombretta alimuuliza Corrado.

"Nakala ya sinema huchakaa mwanzoni na mwishoni. Ndipo inaposhikwa na mikono, inapoburutwa sakafuni, inapofungwa na kufunguliwa kila usiku. Katikati haiguswi na mtu."

"Ndivyo nilivyodhani. Kwenye diski mchakacho hauna mwanzo wala katikati. Uko sawasawa dakika zote kumi na moja: mara tatu mfupi, mmoja mrefu, kila baada ya sekunde tisa. Vumbi halina saa, Bwana Sarti. Mtu alirekodi sekunde tisa za uchakavu, akazirudia kama mtu anayebandika karatasi ya ukutani."

Tiziano alikuwa amefumba macho. Hakuna aliyekuwa anaongea tena, naye hakuyafumbua. Mjane alifika katikati ya daraja. "Alvise," aliita kutoka kwenye spika ndogo ya meza, na ilikuwa sauti ya ghorofa ya tatu nyuma ya stesheni, nzito, ya kifundi, isiyo na shaka yoyote.

Corrado aligeuka. "Hii siyo iliyomo kwenye diski."

"Siyo," Ombretta alisema. "Iliyomo kwenye diski ilirekodiwa nje, kwenye upepo na kelele za injini. Ukiipachika katikati ya sauti safi ya studio, hata mimi ningeshtuka. Kwa hiyo unaifanya sauti nzima ya mkanda iwe mbovu, ili kiraka kisionekane. Na ili pasiwe na mtu wa kuuliza kwa nini ni mbovu, mkanda asili unapotea." Alimgeukia Tiziano. "Aliyefungua mkebe ni wewe, tena peke yako. Uliutoa siku hiyohiyo, ukaweka baiskeli mahali pake. Utepe wa mwongozo uliukuta wapi?"

Tiziano alifumbua macho. "Chini ya boksi la karatasi za mwongozaji. Hakuna aliyekuwa anajua kwamba upo. Nilimpelekea Fiorenza nakala, kama zawadi tu. Akanialika chai. Akausikiliza mara sita. Halafu akasema, mwanangu, watu wanamsifu Malaguti kwa uso wangu na wanamsifu Nives kwa koo langu. Mimi na wewe hatujasikika bado."

"Nawe ukakubali," Corrado alisema.

"Miaka ishirini na miwili nasafisha sauti. Nikifanya kazi vizuri, mtu hajui kama nilikuwepo. Anadhani sauti ilikuwa hivyo tangu zamani. Wewe ukifanya vizuri wanaweka picha mbili sambamba, kabla na baada, na jina lako chini. Nilitaka kitu kimoja kwenye filamu hii ambacho wewe hukukigusa."

"Na alama kwenye daftari la funguo?"

"Hiyo ilikuwa ya ziada," Tiziano alisema.

Corrado alizima meza. Alifungua mkanda taratibu, akaurudisha kwenye mkebe wake, akafunika. "Miezi mitano," alisema, bila kumwangalia mtu, akatoka.

"Mkanda asili uko wapi?" Ombretta aliuliza.

"Kwa Fiorenza. Alisema atautunza yeye. Nilimwelekeza auweke mahali pa baridi."

Nyumba ya Fiorenza Dall'Aglio ilikuwa mlimani, njia ya kwenda San Luca. Alimfungulia mwenyewe, akiwa amevaa sweta la kiume na midomo imepakwa rangi kwa uangalifu. Uso ulikuwa ule ule. Miaka ilikuwa imepita juu yake bila kuuhamisha. Aliposema karibu, ilikuwa lafudhi ya gatini, ya mtu anayetaja bei kwa umbali.

"Tiziano amenipigia," alisema. "Alikuwa analia. Hafai kwa mambo haya, maskini."

Mkebe ulikuwa kwenye chumba cha divai, chini ya ngazi, juu ya kitambaa safi, na kipimajoto kando yake. Ombretta alivaa glavu, akasoma namba, akaufungua, akaukagua, akaufunga, akaandika hati ya makabidhiano. Fiorenza alitia sahihi bila kusoma.

"Mtaniweka ndani?"

"Kwa umri wako, sidhani. Hakimu ataamua. Diski itatolewa upya na sauti halisi."

"Na zile zilizokwisha kununuliwa?"

"Hizo ziko majumbani mwa watu. Hakuna wa kuzifuata."

"Zilikuwa elfu nne," Fiorenza alisema. "Nimesoma kila walichoandika. Tiziano alinionyesha kwenye simu. Wamelalamikia mvumo, wamelalamikia mchakacho. Hakuna hata mmoja aliyesema mwanamke yule hajui kulia." Alikaa kwenye ngazi ya chini, magoti pamoja. "Na Nives? Naye ameisikia?"

"Ameisikia."

"Alisema nini?"

"Alisema si sauti yake."

"Hilo hata mimi najua. Juu ya sauti yenyewe alisema nini?"

Ombretta aliushika mkebe kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kuliko alivyotazamia. Mwanamke yule alimtazama kwa macho ambayo nchi nzima iliwahi kuyatazama, na hayakuwa yanaigiza kitu.

"Katika maelezo yake hakuna zaidi ya hapo," Ombretta alisema.

"Hakuna?"

"Hakuna, bibi."

Fiorenza aliitika kwa kichwa, polepole, mara mbili. "Nilipaswa kujua," alisema. "Nives hakuwahi kuwa na sikio."